Anayeingia hubisha hodi, anayeondoka haagi: mwongozo wa kuhesabu wahamiaji kwa takwimu za taifa

Chukua watu watatu waliopanda basi moja mjini Paris. Wa kwanza ni mama aliyezaliwa Dakar kwa wazazi Wasenegali. Alihamia Ufaransa akiwa msichana, na leo ana pasipoti ya Ufaransa. Wa pili ni mzee aliyezaliwa Algiers mwaka 1958 kwa wazazi Wafaransa, akaletwa Ufaransa akiwa mdogo baada ya Algeria kupata uhuru. Wa tatu ni mtoto wa miaka kumi. Kazaliwa Lyon, hajawahi kuishi kwingine, ila wazazi wake ni Wareno na yeye bado ana uraia wa Ureno tu.

Mhamiaji ni nani hapo? Ukihesabu kwa mahali pa kuzaliwa, ni mama na mzee. Ukihesabu kwa uraia, ni mtoto peke yake. Ukifuata kanuni ya takwimu za Ufaransa, inayomtaka mtu awe amezaliwa nje ya nchi na tena awe amezaliwa bila uraia wa Ufaransa, anabaki mama peke yake. Basi ni lilelile na abiria ni walewale, majibu ni matatu, na hakuna jibu lenye kosa.

Ubishi mwingi kuhusu idadi ya wahamiaji huanzia hapo. Wanaobishana huwa wameshika majibu ya maswali tofauti bila kujua.

Hatua ya kwanza: amua unamhesabu nani

Kabla ya kufungua jedwali lolote, andika kwenye karatasi sentensi moja inayomweleza mtu unayemtafuta. Mara nyingi utachagua kati ya vigezo viwili vikubwa: nchi ya kuzaliwa na nchi ya uraia.

Nchi ya kuzaliwa ina sifa moja nzuri sana: haibadiliki. Aliyezaliwa Manila atabaki kuwa mzaliwa wa Manila hata akibadili pasipoti mara tatu. Uraia hubadilika, na ukibadilika takwimu hubadilika nao bila mtu yeyote kuvuka mpaka. Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Kwenye hesabu ya uraia, watu hao walihama safu kutoka kwa wageni kwenda kwa wenyeji. Kwenye hesabu ya mahali pa kuzaliwa, wale waliozaliwa Burundi walibaki palepale walipokuwa, na watoto waliozaliwa Tanzania hawakuwahi kuwa kwenye safu ya wazaliwa wa nje tangu mwanzo.

Pima pia upande wa pili. Katika nchi za Ghuba, uraia hautolewi kirahisi, kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi wa Kihindi anaweza kuzaliwa Dubai, akasoma Dubai, akaanza kazi Dubai, na bado akahesabiwa mgeni. Huko hesabu ya uraia hutoa idadi kubwa kuliko ya mahali pa kuzaliwa. Katika nchi zinazotoa uraia kwa wingi, kama Canada na Australia, mambo ni kinyume chake.

Kisha soma maelezo ya chini ya jedwali, yale ya herufi ndogo. Marekani, kwa mfano, humwita mzaliwa wa nje yule tu ambaye hakuwa raia wa Marekani siku aliyozaliwa. Mtoto wa Wamarekani aliyezaliwa Tokyo hamo, wala aliyezaliwa Puerto Rico hamo. Australia huuliza tu ulizaliwa nchi gani: katika sensa yake ya 2021, asilimia 27.6 ya watu walikuwa wamezaliwa nje, na humo wamo pia watoto wa Waaustralia waliozaliwa wazazi wao wakiwa ughaibuni.

Kuna na mtego wa mipaka. Karani wa sensa anamuuliza mzee, “Ulizaliwa nchi gani?” Mzee anajibu, “Sudan.” Alizaliwa Juba mwaka 1980, na kwa wakati huo jibu lake ni sahihi kabisa. Lakini Juba ni mji wa Sudan Kusini tangu Julai 2011. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ni kuandika nchi kwa mipaka iliyopo wakati wa sensa, jambo linalomlazimu karani aulize pia mji. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mamilioni ya watu waliokuwa wamehama ndani ya nchi moja waligeuka wahamiaji wa kimataifa wakiwa wamelala vitandani mwao. Ukiona grafu ya dunia inapanda ghafla kwenye miaka hiyo, kumbuka kwamba sehemu ya mpando huo ni mipaka iliyowapita watu.

Na tafadhali: kizazi cha pili, yaani watoto wa wahamiaji waliozaliwa nchini, si wazaliwa wa nje. Kosa hili huonekana kwenye vichwa vya habari kila mwaka.

Hatua ya pili: tenganisha waliopo na wanaopita

Idadi ya waliopo ni picha ya siku moja: leo nchini wako wangapi waliozaliwa nje. Idadi ya wanaopita ni ya kipindi: mwaka huu wameingia wangapi, wametoka wangapi. Ukitoa waliotoka kutoka kwa walioingia unapata uhamiaji halisi, ambao unaweza kuwa hasi.

Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 yaliweka mstari: mhamiaji wa muda mrefu ni aliyebadili nchi anayoishi kwa kawaida kwa angalau miezi 12, wa muda mfupi ni wa kuanzia miezi 3 hadi chini ya 12. Mstari huo unaonekana mwepesi hadi ujiulize: mtu aliyeingia jana utamjuaje kwamba atakaa miezi 12? Njia ni mbili. Unamuuliza nia yake, na nia za watu hugeuka. Au unasubiri uone. Australia imechagua kusubiri: anayekaa nchini jumla ya miezi 12 ndani ya kipindi cha miezi 16 huingia kwenye idadi ya watu, hata kama alitoka likizo katikati. New Zealand nayo ilihamia kwenye utaratibu wa aina hiyo baada ya kuziondoa kadi za wanaoondoka mwaka 2018.

Kusubiri kuna gharama yake: namba za kwanza ni makadirio, na hurekebishwa. Uhamiaji halisi wa Uingereza kwa mwaka ulioishia Juni 2023 ulitangazwa kwanza kuwa 672,000. Ukarekebishwa kuwa 740,000, kisha Novemba 2024 ukafika 906,000. Aliyeandika makala kwa namba ya kwanza hakudanganya, aliandika mapema. Kwa hiyo kila unaponakili namba ya mtiririko, nakili na tarehe iliyotolewa. Mimi huiandika kwenye seli ya pembeni, na imeniokoa zaidi ya mara moja.

Hatua ya tatu: kijue chombo kilichopima

Sensa huwafikia watu wengi kuliko chombo kingine chochote, lakini kwa kawaida huja mara moja kwa miaka kumi. Angalia kama ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia siku ya sensa, au wakazi wa kawaida hata kama usiku ule walikuwa safarini. Hesabu ya kwanza humeza watalii na madereva wa masafa. Ya pili humtegemea mtu aeleze nyumbani kwake ni wapi. Kuhusu uhamiaji, maswali matatu ndiyo yanayopendekezwa kuwa ya msingi: nchi ya kuzaliwa, nchi ya uraia, na mwaka au kipindi cha kuwasili. Hilo la tatu lina utata wake. Kuwasili mara ya kwanza au mara ya mwisho? Mtu aliyekuja 1998, akarudi kwao 2005, akaja tena 2016, atajibu chochote usipomfafanulia.

Sensa huwakosa wahamiaji kuliko inavyowakosa wenyeji, na sababu si fumbo. Piga picha ya nyumba ya kupanga wanakoishi vibarua tisa, vyumba viwili, zamu za usiku. Karani anabisha hodi saa nne asubuhi. Anayefungua mlango ndiye aliyelala mchana huo, hajui vizuri lugha, na mkataba wa nyumba unaruhusu watu wanne. Atataja wangapi? Atataja wanne. Ndiyo maana ofisi makini hufanya utafiti wa kupima ubora baada ya sensa na kutangaza makadirio ya waliorukwa. Na swali lenyewe linaweza kutisha: mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliizuia serikali kuongeza swali la uraia kwenye sensa ya 2020, katika kesi ambayo hofu ya watu kukwepa kujibu ilikuwa sehemu kubwa ya hoja.

Rejista ya wakazi, kama zile za Sweden, Norway na Denmark, ni chombo kizuri ajabu: kila mkazi ana namba, na namba hiyo inafuata mshahara, shule na hospitali. Udhaifu wake tutauona muda si mrefu.

Kumbukumbu za vibali vya ukaazi huhesabu karatasi. Mtu mmoja akihuisha kibali mara tatu anaweza kutokea mara tatu, na mwingine akapewa kibali asisafiri kamwe. Raia wa nchi zenye makubaliano ya kuingia bila kibali hawaonekani kabisa.

Kumbukumbu za mpakani huhesabu mivuko. Mfanyabiashara anayevuka kila wiki ni mivuko zaidi ya mia kwa mwaka, na ni mtu mmoja. Bila namba ya pasipoti inayounganisha kuingia na kutoka, mivuko haigeuki kuwa watu.

Tafiti za kaya, za nguvukazi hasa, ndizo zinazotoka mara kwa mara. Kuna na tafiti za abiria. Uingereza ilitumia kwa miaka mingi utafiti wa aina hiyo ulioanza mwaka 1961, ambao haukubuniwa kupima uhamiaji. Ulilenga safari na utalii. Makarani walisimama zaidi kwenye viwanja vikubwa kama Heathrow, wakati wafanyakazi kutoka Poland na jirani zake, baada ya nchi hizo kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, walikuwa wakishuka kwenye viwanja vya mikoani kwa ndege za bei nafuu. Sensa ya 2011 ilipofanyika, England na Wales zilikutwa na watu takribani 464,000 zaidi ya makadirio, na uhamiaji halisi wa miaka kumi ukaongezwa kwa takribani 346,000. Chombo kilikuwa kizima, ila kilisimamishwa mlango usio wenyewe.

Hatua ya nne: utafute mlango wa kutokea

Kama una muda wa kukagua jambo moja tu kwenye takwimu ya uhamiaji, kagua hili: waliotoka walihesabiwaje?

Anayeingia ana sababu ya kujiandikisha. Anataka kazi, akaunti ya benki, shule ya mtoto. Anayeondoka hana faida yoyote ya kupanga foleni kutangaza kwamba anaondoka. Matokeo yake, idadi ya wageni kwenye vitabu huvimba mwaka hadi mwaka bila kelele. Ujerumani iligundua hilo mwaka 2011. Ilifanya sensa baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kutegemea rejista, ikakuta watu takribani milioni 1.5 pungufu ya walioandikwa, na kati yao karibu milioni 1.1 walikuwa raia wa kigeni. Watu hao walikuwa wameshaondoka zamani, majina yakabaki.

Marekani iliacha kabisa kukusanya takwimu za wanaohama kutoka nchini mwaka 1957. Tangu hapo waliotoka hukadiriwa.

Vipimo vya haraka vya kujua kama rejista imevimba ni hivi. Tazama wageni wa miaka 85 na zaidi: kama vifo vyao kwenye vitabu ni vichache kupita kiasi ukilinganisha na wenyeji wa umri huo, huenda wengi walikufa kwao na hakuna aliyefuta jina. Tazama pia waliosajiliwa ambao kwa miaka miwili hawana dalili yoyote: hakuna kodi, hakuna matibabu, hakuna shule. Si wote wameondoka, lakini ukubwa wa kundi hilo unakupa picha ya tatizo.

Hatua ya tano: piga hesabu mwenyewe

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Idadi ya wazaliwa wa nje ina tabia moja ambayo wengi hawaioni: haiwezi kuongezeka kwa kuzaliwa. Mtoto akizaliwa nchini, ni mzaliwa wa nchini. Kwa hiyo badiliko lolote la idadi hiyo linatokana na mambo matatu tu: walioingia, waliotoka, waliokufa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, sensa ya kwanza ilikuta wazaliwa wa nje 800,000, na sensa iliyofuata baada ya miaka kumi ikakuta 950,000. Ongezeko ni 150,000. Vifo vyao, ukitumia majedwali ya vifo kwa umri, unavikadiria kuwa 60,000. Ili idadi ipande kwa 150,000 huku 60,000 wakifa, uhamiaji halisi lazima ulikuwa 150,000 + 60,000 = 210,000, yaani 21,000 kwa mwaka.

Sasa leta kumbukumbu za kuingia: kwa miaka hiyo kumi waliingia 400,000 kukaa. Basi waliotoka ni 400,000 − 210,000 = 190,000, watu ambao hakuna ofisi iliyowaona wakitoka.

Unaweza kwenda mbali zaidi kama sensa iliuliza mwaka wa kuwasili. Tuseme 290,000 walijibu kwamba waliwasili ndani ya miaka kumi. Kati ya 400,000 walioingia, 110,000 hawapo tena, na ukichukulia kwamba vifo vyote ni vya wakazi wa zamani, hao waliingia wakatoka. Wanaobaki, 80,000, ni wa zamani walioamua kuondoka. Hakiki: 800,000 − 60,000 − 80,000 + 290,000 = 950,000. Imekubali.

Njia hiyo ya kutafuta kinachobaki ndiyo msingi wa makadirio ya watu wasio na vibali nchini Marekani: unachukua wazaliwa wote wa nje kwenye utafiti, unawatoa wale unaojua wana vibali, unaobaki nao ni makadirio, baada ya kuwaongezea waliorukwa na utafiti. Ina hatari yake. Kinachobaki hubeba makosa ya kila namba uliyotumia. Kwenye mfano wetu, kama sensa ya pili iliwaruka wazaliwa wa nje 30,000 kuliko ya kwanza, uhamiaji halisi wako umepungua kwa 30,000 hewa, na waliotoka wameongezeka kwa idadi hiyohiyo. Rudia hesabu kwa makadirio ya chini na ya juu, uone jibu linacheza kiasi gani.

Hatua ya sita: heshimu udogo wa sampuli

Utafiti wa watu 1,000 ukisema asilimia 12 ni wazaliwa wa nje, kosa la sampuli kwa uhakika wa asilimia 95 ni kama pointi 2 kila upande: ukweli unaweza kuwa 10 au 14. Kundi la asilimia 2 ndani ya utafiti huohuo lina kosa la karibu pointi 0.9, yaani karibu nusu ya lenyewe. Na hiyo ni kama watu waliteuliwa mmojammoja. Tafiti nyingi huteua mitaa kwanza, kisha kaya, na wahamiaji hupenda kukaa karibu na jamaa zao. Mtaa mmoja ukiangukia au kukosekana kwenye sampuli, namba inaruka. Kosa halisi huwa kubwa kuliko lile la fomula.

Niliwahi kuandika kwamba jamii moja ya wageni “imeongezeka mara mbili” mwaka hadi mwaka. Ilikuwa watu 14 kwenye sampuli, wakawa 29. Msomaji mmoja aliniandikia akaniuliza tu, “Kaya ngapi?” Zilikuwa kaya tatu, kisha sita. Tangu siku hiyo, kwa makundi madogo, huunganisha miaka kadhaa ya data kabla ya kufungua mdomo. Ukitumia utafiti wa jamii wa Marekani (American Community Survey), unaofikia anwani kama milioni 3.5 kwa mwaka, angalia jambo moja zaidi: makosa yake hutangazwa kwa uhakika wa asilimia 90. Kuyageuza yawe ya 95, gawanya kwa 1.645 kisha zidisha kwa 1.96.

Hatua ya saba: kabla ya kulinganisha nchi mbili

Takwimu za kioo ni zana nzuri: walioondoka nchi A kwenda B, kwa vitabu vya A, wanapaswa kulingana na walioingia B kutoka A. Hawalingani karibu kamwe. Kwa miaka mingi Ujerumani iliandika wanaotoka Poland wengi mno kuliko Poland ilivyoandika wanaokwenda Ujerumani, kwa sababu Ujerumani ilimsajili karibu kila anayehamia kwenye makazi, wakati Poland ilimhesabu anayetangaza kuondoka bila nia ya kurudi. Zikigongana hivyo, kwa kawaida namba ya nchi inayopokea ndiyo ya kuanzia, huku ukisahihisha tofauti ya muda wa kukaa.

Kwa picha ya dunia, kanzidata ya Umoja wa Mataifa inakadiria wahamiaji wa kimataifa kuwa milioni 304 katikati ya 2024, asilimia 3.7 ya watu wote. Inafaa kwa mwelekeo. Lakini ndani yake, nchi zisizo na takwimu za mahali pa kuzaliwa huwakilishwa na takwimu za uraia, na baadhi huongezewa wakimbizi. Kila nchi ina alama inayoonyesha kigezo kilichotumika. Isome kabla ya kuziweka nchi mbili kwenye grafu moja.

Ukishapita hatua zote, andika namba yako na nguo zake zote mwilini. Badala ya “nchi ina wahamiaji 950,000”, andika: “Sensa ilikuta wakazi 950,000 waliozaliwa nje ya mipaka ya sasa ya nchi, bila kujali uraia, wakiwemo waliokusudia kukaa miezi 12 au zaidi, waliorukwa hawajaongezwa.” Mhariri atalalamika kwamba ni ndefu. Mpe, aipunguze mwenyewe, kisha muulize ni neno gani alilolitoa.